Kuuzuliwa kwa Kabalega: Ni Nani Mwenye Haki ya Kumng'oa Mfalme?

Lugha yetu ya Kiswahili ina kitenzi ambacho siku hizi kinasikika nusu tu. Takriban kila juma magazeti huandika kuhusu kujiuzulu: fulani ametakiwa ajiuzulu, fulani amekataa kujiuzulu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ndani ya neno hilo mna kitenzi kuuzulu, tulichokipata kutoka Kiarabu, chenye maana ya kumwondoa mtu katika cheo chake. Anayejiuzulu hujiondoa mwenyewe. Anayeuzuliwa huondolewa na mwingine.

Walimu wa lugha wanaijua tabia moja ya kauli ya kutendwa. Humruhusu msemaji amfiche mtendaji. Ukisema mfalme aliuzuliwa, sentensi yako imekamilika, wala hakuna mwalimu atakayeikosoa kwa kalamu nyekundu. Lakini swali kubwa kuliko yote limeachwa nje: aliuzuliwa na nani, na huyo aliipata wapi haki hiyo? Vitabu vingi vya historia vimeitumia ruhusa hiyo ya sarufi kwa miaka mingi, na wanafunzi wetu wamekuwa wakikariri sentensi zisizo na mtendaji.

Kwa sababu hiyo naona inafaa tuyapitie maisha ya Kabalega, Omukama wa Bunyoro, ambaye wanafunzi wa Kisii na Nyamira wanalijua jina lake kwa ajili ya mtihani, lakini aghalabu hawaijui safari yake. Yamkini msomaji atauliza, Mgusii anahusikaje na mfalme wa Bunyoro? Anahusika kwa mambo mawili. Kwanza, siku Kabalega alipokamatwa, mwaka 1899, nchi ya Wagusii ilikuwa katika eneo ambalo Waingereza walilihesabu kuwa sehemu ya mashariki ya himaya yao ya Uganda. Ni mwaka 1902 tu ambapo eneo hilo lilihamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Wino uliotumika kumwondoa Kabalega ndio uliochora mipaka yetu. Pili, Wagusii hawakuwa na mfalme wa kuuzuliwa, na jambo hilo, kama tutakavyoona, linatusaidia kuona waziwazi kilichotendeka kule.

Kabalega alizaliwa yapata mwaka 1853, mwana wa Omukama Kamurasi. Bunyoro wakati huo lilikuwa baki la dola kongwe la Kitara, ambalo zamani lilitawala sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya maziwa makuu. Buganda ilikuwa imekua kwa kuimega ardhi yake, na Toro ilikuwa imejitenga katika karne ile ile ya 19 chini ya mwana wa mfalme aliyeasi. Jina lenyewe la cheo, Omukama, wengi hulihusisha na kitenzi kukama, kile kile tunachokitumia kwa ng'ombe. Mfalme wa Bunyoro alikuwa na ng'ombe wake wa kifalme, na maziwa yao yalikuwa na nafasi kubwa katika taratibu za ikulu.

Kamurasi alifariki mwaka 1869. Kwa desturi ya Bunyoro, kiti hakikurithiwa kwa amani na kifungua mimba. Wana wa mfalme walishindana, na mshindi ndiye aliyemzika baba na kutambuliwa. Kabalega alipigana na nduguye Kabigumire, ambaye aliungwa mkono na wengi wa ukoo wa kifalme, naye akapata uungaji mkono wa watu wa tabaka la kawaida na baadhi ya majemadari. Kufikia mwaka 1870 alikuwa ameshinda. Tuseme wazi, basi, kwamba mtu huyu hakukalia kiti kwa upole. Alikipata kwa mkuki. Hata hivyo, mashindano yale yalikuwa na kanuni zilizojulikana, na waamuzi wake walikuwa Wanyoro wenyewe. Aliyeshindwa alishindwa mbele ya watu wake, na aliyeshinda alikuwa na deni kwao.

Kabalega alilikumbuka deni hilo. Maadamu wakuu wa ukoo wake walikuwa wamempinga, aliwageukia watu wasio na nasaba. Aliunda jeshi la kudumu lililoitwa abarusura, ambalo liliwachukua Wanyoro wa kawaida pamoja na wageni kutoka nchi jirani, na akawapa amri watu kama Ireeta na Rwabudongo kwa uhodari wao. Mtoto wa mkulima aliweza kupanda hadi akawa mtawala wa jimbo. Fauka ya hayo, alisimamia biashara ya chumvi ya Kibiro, kando ya Ziwa Albert, na ya majembe ya chuma ambayo mafundi wa Bunyoro walisifika kwayo. Pembe za ndovu ziliuzwa kwa wafanyabiashara wa kutoka Khartoum upande wa kaskazini na wa kutoka Zanzibar upande wa kusini, na kwa malipo yake akapata bunduki. Aliirudisha sehemu kubwa ya Toro chini ya mkono wake. Mwaka 1886, jeshi la Buganda lilipoivamia nchi yake, abarusura walilishinda huko Rwengabi.

Abarusura hao hawakuwa malaika. Walipotumwa kutoza kodi waliogopwa, na jirani zake wa Toro na Ankole waliyaonja mashambulizi yake kama yeye alivyoyaonja ya Buganda. Mwalimu anayemfanya Kabalega kuwa mtakatifu anamwonea mwanafunzi sawasawa na yule anayemfanya kuwa katili.

Picha ya ukatili ilichorwa mapema. Mwaka 1872 alifika Masindi Mwingereza Samuel Baker, akiwa mtumishi wa Khedive Ismail wa Misri, pamoja na askari. Mfalme kijana alikuwa hajatimiza miaka 20 na ushei. Katika mwezi wa Mei, bila kumwomba mtu ruhusa, Baker alisimamisha bendera na kutangaza kwamba Bunyoro sasa ni mali ya Misri. Kabla mwezi uliofuata haujaisha kulizuka mapigano, mji ukateketea, na Baker akalazimika kurudi nyuma hadi Mto Nile huku akishambuliwa njia nzima. Huko akafanya urafiki na Rionga, hasimu wa nasaba ya Kabalega, akamtambua kuwa mtawala badala yake. Hivyo basi, Kabalega aliuzuliwa mara ya kwanza miaka miwili tu baada ya kutawazwa, ijapokuwa kwa karatasi, na kwa mdomo wa mgeni aliyekuwa akikimbia.

Baker aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1874, na humo alimlaumu Kabalega kwa hila, ikiwa ni pamoja na kuwapa askari wake pombe yenye sumu. Kitabu hicho kilisomwa sana Ulaya. Miaka mitatu baadaye Emin Pasha, aliyekuwa pia mtumishi wa Misri, alimtembelea Kabalega mwaka 1877, akakaa naye, akazungumza naye, akaandika habari za mtu mwingine kabisa: mwenyeji mwenye adabu, mchangamfu, na mwenye akili. Lakini msomaji anajua jinsi mambo yalivyo. Jina baya likitangulia, sifa njema huchechemea nyuma yake. Maafisa waliokuja baadaye walikuwa wamemsoma Baker kabla hawajamwona Kabalega.

Mwisho wa miaka ya 1880 mambo yalibadilika Buganda. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana wao kwa wao, na mwaka 1890 akaingia Kapteni Frederick Lugard kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza. Lugard aliushika upande mmoja na kuuimarisha. Mwaka 1891 alielekea magharibi, akaitwaa chumvi ya Katwe, akamrudisha Kasagama katika kiti cha Toro, na akajenga ngome za kuizuia Bunyoro. Kabalega alituma wajumbe wa amani, lakini hawakusikilizwa. Jambo hili lafaa lisisitizwe darasani, kwa kuwa tumezoea kumtaja kama mtu aliyejua lugha ya mkuki pekee. Alijua pia lugha ya ujumbe na zawadi. Waliokataa mazungumzo walikuwa wale wengine.

Mnamo Desemba 1893 Kanali Henry Colvile alianzisha vita. Aliondoka na askari wa Kisudani wapatao mia nne, pamoja na jeshi la Waganda lililozidi watu elfu kumi. Kabalega aliuhama mji wake mkuu wa Mparo, akaingia msituni upande wa Budongo, akakataa kuwapa adui vita vya uwanja wa wazi ambavyo bunduki za rashasha zingevimaliza kwa saa moja. Wavamizi walijenga mlolongo wa ngome kutoka Kibiro kwenda Hoima, wakaikata nchi katikati. Vijiji vilichomwa, mifugo ikachukuliwa, mashamba yakaachwa bila mkulima. Njaa ikaingia, ikafuatwa na maradhi. Anayeuliza kwa nini Bunyoro ilibaki na watu wachache kwa miongo mingi baadaye, jibu lake laanzia hapa.

Mwaka 1895 wapiganaji wake walikizuia kikosi cha Waingereza katika kisiwa kimoja cha Mto Nile, na Kapteni Dunning akapata majeraha yaliyomuua. Baadaye mwaka huo huo kikosi kikubwa zaidi kilikuja. Kabalega alivuka mto, akaingia nchi ya Walango, na huko akaendesha vita vya kuvizia kwa muda wa miaka minne. Wakubwa wake wawili, Rwabudongo na Byabacwezi, walijisalimisha wakapewa vyeo. Sioni haja ya kuwatukana. Walikuwa wameona watu wao wakifa njaa, na kila mmoja alipima kwa mizani yake. Hapa ndipo jedwali la safu mbili tunalochora ubaoni, wapinzani huku na washirika kule, linaposhindwa kututosha. Watu hao hao walikuwa katika safu ya kwanza mwaka 1894, na katika safu ya pili muda mfupi baadaye.

Wakati mfalme akiwa ng'ambo ya mto, ardhi yake iligawanywa. Colvile aliwaahidi Waganda nchi yote iliyo kusini mwa mto Kafu kama ujira wa vita, na mwaka 1896 ahadi hiyo ikathibitishwa. Eneo hilo lilikuwa na Mubende na makaburi ya wafalme wengi wa Bunyoro. Yaani mfalme alinyang'anywa kiti chake, na mababu zake wakanyang'anywa makaburi. Dhuluma hiyo ilikuwa wazi kiasi kwamba maafisa wawili wa Kiingereza waliokuwa wakifanya kazi huko, Pulteney na Forster, walijiuzulu kwa kuipinga. Hapo tunavikuta vitenzi vyetu viwili bega kwa bega: mmoja alikuwa akiuzuliwa, na wawili katika waliotumwa kumuuzulu wakajiuzulu. Majina yao hayatajwi sana. Yangestahili kutajwa, ili mwanafunzi ajue kwamba hata ndani ya serikali dhalimu mtu bado ana hiari ya kukataa.

Mnamo 1897 Mwanga, Kabaka wa Buganda, aliwaasi Waingereza, akashindwa, akakimbilia kwa Wajerumani upande wa kusini, akatoroka, na hatimaye akaungana na Kabalega. Tufikirie jambo hili kwa makini. Babu zao walikuwa maadui kwa vizazi vingi. Jeshi la nchi ya Mwanga ndilo lililomfukuza Kabalega kwake. Sasa walilala msitu mmoja. Katika mwaka huo huo wa 1897 askari wa Kisudani wa himaya waliasi, na baadhi yao wakajiunga nao. Waliokuwa wametumiwa kuvunjana walianza kuonana, lakini walikuwa wamechelewa.

Mwaka 1898 Waingereza waliona haifai kuendelea kupigana na mfalme anayetambulika. Wakamtawaza mwanawe, Kitahimbwa, kijana mdogo mno, wakamwekea machifu wa kumwongoza. Swali letu la mwanzo sasa laweza kujibiwa bila kuficha mtendaji. Kabalega aliuzuliwa na Waingereza. Wanyoro hawakukutana kumkataa, ukoo haukumpinga, wala hakushindwa katika mashindano ambayo desturi yao iliyatambua. Wala tusimsahau yule kijana. Mwaka 1902, Waingereza hao hao waliomweka walimwona hafai, wakamwondoa, wakamweka nduguye Duhaga. Aliyepewa kiti na mgeni hukikalia kwa ridhaa ya mgeni, na siku mgeni akichoka, hana wa kumkimbilia. Baba aliuzuliwa, na watu wake wakaendelea kumngoja. Mwana aliuzuliwa, na nchi haikutikisika.

Mnamo Aprili 9, 1899, kikosi kilichoongozwa na Evatt, pamoja na Waganda wa jemadari Semei Kakungulu, kiliwashtukiza Kabalega na Mwanga katika nchi ya Lango. Kabalega alipigana hadi alipopigwa risasi, na mkono wake mmoja ukakatwa kwa sababu ya majeraha. Wafalme hao wawili walipelekwa pwani, hadi bandari ya Kisimayu, ambayo leo imo Somalia lakini wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1901 wakavushwa bahari hadi visiwa vya Shelisheli.

Visiwa hivyo vilikuwa kama ghala la wafalme walioondolewa. Prempeh wa Asante alikuwa amefika mwaka 1900. Yaa Asantewaa, mama aliyeongoza vita vya Waasante, aliletwa baada yake, akafia huko mwaka 1921. Baadaye akapitishwa huko Khalid bin Barghash wa Zanzibar, ambaye mwaka 1896 ufalme wake ulibomolewa kwa mizinga katika muda usiofika saa moja. Khalid aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927. Mwanga hakupata bahati hiyo. Alibatizwa Danieli, akafa uhamishoni mwaka 1903, na mifupa yake ikarudishwa Kasubi mwaka 1910.

Kabalega aliishi. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima mwenye mkono mmoja, naye pia akabatizwa, kwa jina la Yohana. Miaka ilipita. Aliyekuwa akiamuru maelfu alikaa kisiwani, akingojea barua na ruhusa za maafisa.

Wagiriki wa kale walikuwa na mfalme wa aina hii, Demaratus wa Sparta. Yapata mwaka 491 kabla ya Kristo, mfalme mwenzake alitoa hongo ili makao ya sauti za miungu kule Delphi yatamke kwamba Demaratus si mtoto halali, naye akaondolewa. Demaratus alikwenda kwa mfalme wa Uajemi, adui wa Wagiriki, akapewa miji ya kutawala, na mwaka 480 akafuatana na jeshi la Uajemi kuivamia nchi ya kwao. Simlaumu wala simsifu. Ninachotaka kuonyesha ni tofauti. Demaratus aliondolewa na wenzake kwa sheria ya kwao, ijapokuwa sheria hiyo ilichafuliwa kwa hongo, kisha akapata nguvu kwa mgeni. Kabalega aliondolewa na mgeni, na nguvu pekee aliyobaki nayo ilikuwa kwa wenzake, walioko mbali asikoweza kufika.

Nguvu hiyo haikuwa ndogo. Waingereza walikuwa wamewaleta machifu wa Kiganda kuitawala Bunyoro, na Kiganda kikawa ndiyo lugha ya ofisini na kanisani. Mnyoro aliyetaka kuomba Mungu au kuomba haki ilimbidi aombe kwa lugha ya jirani aliyeichukua ardhi yake. Mwaka 1907 machifu wa Kinyoro waliwafukuza wale wa Kiganda katika upinzani unaojulikana kama Nyangire, neno lenye maana ya kukataa. Serikali iliwakamata viongozi, ikawaondoa katika vyeo, na baadhi wakahamishwa. Hata hivyo, tangu hapo hakuteuliwa tena chifu wa Kiganda huko. Sisi tunaoshughulika na lugha tunapaswa kuikumbuka Nyangire, kwa sababu ni ushahidi kwamba watu wanaweza kuvumilia kodi nyingi, lakini lugha ya kutawaliwa huwachoma kila siku, tangu salamu ya asubuhi.

Mwaka huo huo wa 1907, Mwingereza Northcote alifungua kituo cha serikali mahali ambapo leo ni mji wa Kisii. Mnamo Januari 1908 Otenyo, aliyechochewa na maneno ya mama Moraa, alimchoma mkuki. Northcote akapona, na nchi ikaadhibiwa kwa moto na bunduki. Hapa ndipo palipo na funzo kwa Wagusii. Hawakuwa na mfalme. Walikuwa na abagaka, yaani wazee, ambao neno lao lilisikilizwa kwa sababu jamii ilikuwa imewapima kwa miaka mingi. Mgeni hakupata kiti cha kumng'oa mtu, kwa hivyo ikambidi aviunde viti vyenyewe, akateua machifu na kuwapa kofia na askari. Kule Bunyoro alimwondoa aliyetambuliwa akamweka asiyetambuliwa. Huku Gusii alimweka asiyetambuliwa mahali ambapo hapakuwa na kiti kabisa. Kazi ni moja: cheo kiliacha kuwa jukumu mbele ya watu, kikawa zawadi kutoka juu. Chifu alijifunza kutazama alikotoka mshahara badala ya kutazama waliokaa mbele yake.

Mwaka 1923 serikali ilimruhusu Kabalega arudi. Alikuwa mzee wa karibu miaka 70. Alivuka bahari, akapanda bara, akafika Jinja, mahali ambapo Mto Nile unatoka ziwani kuanza safari yake ya kaskazini, kupita katika nchi yake. Hapo safari ikakatika. Alifariki Aprili 6, 1923, katika kijiji kinachoitwa Mpumudde, jina ambalo kwa lugha za huko maana yake ni nimepumzika. Tangu siku aliyokamatwa zilikuwa zimebaki siku 3 tu itimie miaka 24. Mto ule aliouvuka mara nyingi kwa vita hakuuvuka tena akiwa hai. Mwili wake ulichukuliwa hadi Mparo, mji aliouhama mwaka 1894, akazikwa huko. Mwaka uliofuata Duhaga naye akafa, na kiti kikachukuliwa na Tito Winyi, mwana mwingine wa Kabalega, aliyewahi kuishi na baba yake Shelisheli. Alitawala hadi mwaka 1967, serikali ya Uganda ilipozifuta falme zote.

Ardhi iliyopotea nayo haikusahauliwa. Mnamo Novemba 4, 1964, wakaazi wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura, wakachagua kurudi Bunyoro. Ilikuwa imepita miaka 70 tangu ahadi ya Colvile. Kura hiyo iliwakosanisha Kabaka Mutesa II, aliyekuwa Rais, na Waziri Mkuu Milton Obote, na uhasama huo ni miongoni mwa mambo yaliyoiangusha katiba ya kwanza ya Uganda. Hivyo ndivyo uamuzi wa afisa mmoja katika hema lake unavyoweza kuwalipiza wajukuu. Falme zilirudishwa mwaka 1993, Solomon Iguru akatawazwa Omukama mwaka 1994, na mwaka 2009 serikali ya Uganda ikamtangaza Kabalega kuwa shujaa wa taifa. Aliyeandikwa katika majalada kama mwasi sasa amechongewa heshima na dola lenyewe ambalo misingi yake ilijengwa kwa kumwangusha.

Tufanye nini na maisha haya sisi walimu na wanafunzi? Kwanza, tuache kuyafupisha kuwa nukta tano za sababu na nukta tano za matokeo. Nukta hizo zina kazi yake katika mtihani, lakini haziwezi kumfundisha mtoto kupima. Tumpe mwanafunzi mtu mzima: aliyekipata kiti kwa vita, akawainua wanyonge, akawashambulia majirani, akatafuta amani akanyimwa, akapigana hadi mkono ukakatika, akajifunza alfabeti uzeeni. Kisha tumwache aamue.

Pili, tumfundishe kuuliza mtendaji. Kila anapokutana na sentensi inayosema nchi ilitwaliwa, mfalme aliuzuliwa, chifu aliteuliwa, ardhi iligawanywa, aandike pembeni: na nani? Zoezi hilo ni la sarufi na ni la uraia vilevile. Mtoto aliyezoea kumtafuta mtendaji katika kitabu cha historia atamtafuta pia katika taarifa ya serikali itakayosema kwamba pesa zilipotea, ama kwamba makosa yalifanyika.

Tatu, tukumbuke kwamba leo haki ya kuuzulu imo mikononi mwetu. Wanyoro wa mwaka 1898 hawakuulizwa kama wanamtaka Kabalega au Kitahimbwa, na Wagusii wa mwaka 1908 hawakuulizwa kama wanataka chifu. Raia wa sasa huulizwa kila baada ya miaka mitano. Akiiuza sauti yake kwa pakiti ya sukari au kwa noti moja, anairudisha haki ile kwa mgeni mwingine, hata kama mgeni huyo amezaliwa kijiji jirani na anazungumza Ekegusii fasaha. Atakayepanda kwa njia hiyo atatazama juu, kwa aliyempa, kama machifu wa zamani walivyotazama. Nasi tutabaki tukimsihi ajiuzulu, ilhali kitenzi kilichotufaa, kile cha kuuzulu, tulikuwa nacho siku ya kura tukakiacha bure.